Siku Baronne Alipopanda Gari la Waya

Kijiji cha Sarvanche kipo mita elfu moja mia nane na sabini juu ya usawa wa bahari, lakini kampuni ya michezo ya theluji imekibandika jina la Sarvanche Elfu Mbili, na mita mia na thelathini zinazopungua hazijawahi kumkosesha mtu usingizi. Mgeni mmoja kutoka Basel alipokuja na kipimo chake na kuanza kulalamika, alipandishwa hadi juu ya mnara wa kanisa na kuombwa kwa adabu anyooshe mkono. Mita bado hazikutosha. Akapewa supu ya bure na jambo likaisha.

Zénobie Pralong, mwanamke wa miaka sitini na sita, hakuwa na ugomvi na hesabu hizo. Ugomvi wake ulikuwa na tarehe kumi na saba Januari, sikukuu ya Mtakatifu Antoni, ambayo ilikuwa imebakiza siku tisa.

Siku hiyo, kila mwaka baada ya misa, Ushirika wa Malisho hukutana jikoni kwa Ignace Rudaz, mtunza kanisa, ambaye pia ndiye katibu. Zamani wanachama walikuwa kaya arobaini na moja na jiko lilikuwa halitoshi. Sasa kaya arobaini zimeshauza haki zao za malisho ya juu kwa kampuni, na mkutano mzima unakaa kwenye benchi moja. Aliyebaki ni Zénobie. Na kitabu cha Ushirika, kilichoandikwa na watu waliokwisha kufa zamani sana na ambao kwa hiyo hawawezi kubembelezwa, kinasema kwamba haki ya mwanachama hudumu ikiwa ukwato wa ng'ombe wake umegusa udongo wa malisho ya juu ndani ya miaka mitano, na katibu akaona kwa macho yake. Ikipita mitano, haki inakufa.

Zénobie alikuwa na ng'ombe mmoja, Baronne, mweusi tii, mfupi, mwenye kipaji cha uso kipana kama meza. Ni wa ile mbegu ya bondeni kwao ambayo kila masika hupigana pembe kwa pembe kuamua nani malkia, na Baronne alikuwa ameshatawazwa mara mbili. Tatizo ni kwamba kwa majira matano ya kiangazi njia ya kwenda malishoni ilikuwa na kizuizi cha chuma chenye maandishi KWA MUDA. Mwaka wa kwanza kampuni ilikuwa inachimba bwawa la maji ya kutengenezea theluji. Wa pili bwawa lilikuwa linavuja. Wa tatu lilikuwa linazibwa. Wa nne walikuwa wanachunguza kwa nini halivuji. Wa tano hakuna aliyejisumbua kutoa sababu. Kila Juni Zénobie alifika pale na ng'ombe wake aliyevishwa kengele na maua, akatazama kizuizi, akageuka.

Bila malisho ya juu, nyasi za shamba lake dogo zilikuwa zinaisha Aprili. Haki ikifa, Baronne atauzwa. Mchinjaji wa bondeni alikuwa ameshapita zizini mara mbili, akamtazama yule malkia kama mtu anavyotazama kochi ambalo hana uhakika kama litaingia mlangoni.

Aliyeweka kizuizi ni mkurugenzi wa kampuni, Narcisse Pralong, mtoto wa marehemu kaka yake Zénobie. Zénobie ndiye aliyemlea kiangazi baada ya kiangazi, akamfuta kamasi na kumfundisha kukamua. Sasa Narcisse alivaa koti jekundu lenye jina lake kifuani, asije akalisahau, na kwenye kalenda ya ofisini alikuwa ameizungushia tarehe kumi na saba wino mwekundu. Haki ya shangazi yake ikishakufa, pale malishoni, kando ya mgahawa wa kampuni, patasimama hoteli yenye mabwawa ya maji moto. Alikuwa ameshamwambia kwamba si jambo la kifamilia. Alilisema kwa upole mkubwa, huku akila keki yake.

Mwaka ule, hata hivyo, wageni walikuwa wachache, na mshauri aliyeletwa kutoka Zurich kwa gharama za kutisha alikaa siku nne, akala vizuri, kisha akatamka kwamba Sarvanche inakosa uhalisia. Wageni wanataka mlima wa kweli. Tangu hapo wanakijiji waliajiriwa kuwa wanakijiji. Ignace alipangiwa kupasua kuni kituo cha basi kila basi linapofika, ingawa kijiji kizima kinapika kwa umeme. Mwoka mikate, Mreno mwenye uso laini, aliamriwa kufuga ndevu. Zénobie naye alitakiwa kukaa dirishani Jumatatu na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, akifuma soksi. Alikubali kwa sababu nyasi zinauzwa ghali. Soksi ilikuwa ile ile tangu Novemba. Kila Jumatatu aliifumua hadi kisigino, asije akaimaliza na kupunguzwa kazini.

Tarehe nane Januari Narcisse alipiga hodi zizini, akisimama mahali pasipo na samadi.

"Shangazi, nahitaji ng'ombe."

"Nenda kwa mchinjaji. Anao wengi, tena wameshakatwa."

"Aliye hai, shangazi. Wa picha. Nusu saa tu kule juu mbele ya mgahawa, theluji nyuma, jua linawaka. Mshauri anasema bango lisilo na ng'ombe ni kama kipande cha ukuta."

Zénobie alimjibu kwamba Baronne si chombo cha maua, na kwamba kama anataka mnyama wa kupiga naye picha ajitazame kwenye kioo. Narcisse akacheka kicheko cha ofisini, akasema hamna neno, ataagiza wa kukodi, wa kahawia, mwenye kope ndefu, aliyewahi kutangaza chokoleti. Akaondoka kwa kuruka madimbwi.

Saa kumi na moja jioni Zénobie alikuwa akikamua, bado amekasirika, akirudia moyoni maneno yote makali ambayo hakuyakumbuka kwa wakati. Ghafla mikono yake ikasimama. Maziwa yakasimama. Alikaa hivyo kitambo, kisha akaanza kucheka peke yake, polepole, mpaka Baronne akageuza shingo kumkagua.

Yafaa isemwe kwa kumtendea haki Narcisse kwamba hakuwa mjinga. Alilijua sharti la miaka mitano kuliko padri anavyoijua Baba Yetu. Lakini kwake, kama kwa kila mtu aliyezaliwa Sarvanche, kupandisha ng'ombe ni jambo la Juni: kengele, maji ya baraka, kutembea tangu alfajiri, kulewa jioni. Ng'ombe aliyetiwa mwezi wa Januari ndani ya gari la waya, kile kibanda kinachoning'inia na kupandisha wageni hadi mgahawani, hajapanda malishoni. Amesafirishwa tu, kama kreti za bia. Kwenye makadirio ya ofisi aliandikwa chini ya Mapambo, kati ya misonobari ya plastiki na taa za rangi. Hata Zénobie mwenyewe, kwa miaka sitini na sita, asingefikiri vingine. Alifikiri vingine jioni ile.

Asubuhi alikwenda ofisini akiwa amekunja uso kadiri ngozi yake ilivyoruhusu. Alisema amekubali kwa shingo upande, kwa ajili ya marehemu kaka yake, na kwa sharti moja: Baronne hashikwi kamba na mtu asiyemjua. Atashikwa na Ignace.

"Ignace anaogopa urefu, shangazi. Hajawahi kuingia kwenye gari la waya tangu lifunguliwe."

"Basi muite yule wa chokoleti."

Narcisse alihesabu siku zilizobaki kabla ya kiwanda kuchapa mabango, akakubali.

Ignace alikuwa na sifa mbili zilizomfanya asiwe na rafiki wa karibu: hajawahi kusema uongo, na hajawahi kutunza siri. Kwa hiyo hakuweza kuambiwa chochote. Zénobie alimwambia tu kwamba Baronne atapanda, na kwamba itakuwa aibu mwanaume mzima kushindwa na ng'ombe. Ignace akajibu kuwa ng'ombe hasomi magazeti, hajui ajali. Lakini hakulala vizuri, na siku ya tarehe kumi na mbili alitokea kituoni amevaa suti ya mazishi.

Mshauri naye alitokea, akamzunguka Baronne, akatikisa kichwa. Alisema utafiti unaonyesha mgeni wa kawaida hamtambui ng'ombe mweusi. Familia tatu zilizoonyeshwa picha zilidhani ni dubu. Zikaletwa ndoo mbili za chaki iliyokorogwa na mtindi, na malkia wa bonde akapakwa madoa meupe mbele ya umati, huku akitazama mbali kama mtu mashuhuri anayepekuliwa mpakani.

Ndipo ukazuka mjadala wa tiketi. Kanuni inasema hakuna kiumbe kinachopanda bila tiketi, isipokuwa mbwa wa kubebwa. Mkata tiketi aliuliza umri, akaambiwa miaka kumi na mmoja, akatazama orodha yake na, kwa kuwa aliye chini ya miaka kumi na miwili ni mtoto, akamkatia Baronne tiketi ya mtoto na kumpa kalamu za rangi za zawadi. Wahudumu wa mashine wakabishana ng'ombe ni sawa na abiria wangapi. Wakakubaliana wanane, bila mizigo.

Kibanda kiliponyanyuka Ignace alifumba macho na kuanza kuwataja watakatifu kwa mpangilio wa alfabeti. Zénobie alikuwa amemwegemea Baronne, akijipongeza, mpaka alipochungulia dirishani. Chini kulikuwa na theluji. Ni jambo la ajabu kwa mtu aliyeishi mlimani maisha yake yote, lakini alikuwa ameisahau. Kitabu kinasema udongo. Na taarifa ya kampuni, iliyobandikwa pale pale mlangoni, ilitangaza kwamba mbele ya mgahawa kuna theluji ya mita moja na sentimita ishirini. Ukwato gani utafika chini?

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Zénobie aliomba kwa dhati kampuni iwe imedanganya.

Kampuni haikumwangusha. Waliposhuka, fimbo yake ilizama kiganja kimoja na vidole viwili, ikagonga kitu kigumu. Mita iliyobaki ilikuwa ya ofisini tu.

Lakini hata kiganja kimoja ni kiganja, na Baronne alisimama juu yake kwa utulivu, akivuta hewa. Mpiga picha akamsifu. Narcisse alinyoosha koti. Ignace alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, macho yamefungwa kabisa, amefika kwa Mtakatifu Gervasi.

"Ignace, tumefika," Zénobie alimnong'oneza. "Fumbua."

"Niambie tukisharudi chini."

"Kuna jua zuri."

"Nalisikia."

Mambo yangeishia hapo, na Baronne angeshuka bila kugusa chochote ila theluji, kama mshauri asingeagiza kitu cha mwisho. Wahudumu wawili walisukuma pampu, na pembeni ya mgahawa likaanza kuinuka puto la marmoti, yule mnyama mnene wa mashimoni ambaye ndiye nembo ya kampuni: mita nne, macho makubwa, meno mawili, mikono imefunguliwa kumkaribisha mgeni. Mshauri alitaka ng'ombe na marmoti watazamane kirafiki.

Wakatazamana. Marmoti hakupepesa macho. Mtu wa mjini angeona puto. Baronne aliona jitu lililokuja kwenye malisho yake, limejaza kifua, wala haligeuzi kichwa kuonyesha heshima, na kwa ng'ombe wa bonde lile hakuna matusi makubwa kuliko hayo. Akashusha kichwa. Akakoroma. Kisha akaanza kufanya ambacho malkia wote hufanya kabla ya pambano: akaanza kuparua ardhi kwa mguu wa mbele.

Kwanza ilirushwa theluji. Kisha zikaja nyasi za njano. Zénobie aliziba mdomo kwa kitambaa.

"Shangazi, anafanya nini huyo?" Narcisse aliuliza.

"Anajipasha moto. Kuna baridi."

"Mzuieni kidogo."

"Mwenye kamba ni Ignace," alisema Zénobie, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Ignace alikuwa kwa Mtakatifu Hilari. Baronne akaparua tena, na udongo mweusi ukaruka juu, ukampiga mpiga picha kifuani, naye akazidi kubonyeza kwa furaha. Zénobie alimvuta Ignace mkono, akambinya, akamwambia ana buibui usoni. Ignace akajibu kwamba buibui hamdhuru mtu aliyesimama mahali pa chini. Ukwato ulikuwa unagusa udongo, wakati wote ule, mchana kweupe, na katibu wa Ushirika alikuwa haoni kitu.

Kamba ikamponyoka. Baronne alikwenda moja kwa moja, kipaji mbele, na marmoti akapasuka kwa mshindo uliosikika mpaka kanisani.

Ignace akafumbua macho. Baadaye alieleza kwamba alidhani waya umekatika na alitaka angalau kuona anaangukia wapi. Alichoona ni Baronne, amerudi kwenye shimo lake, ananguruma kwa ushindi, matambara ya marmoti yamening'inia pembeni, na mguu wake wa kulia umezama mpaka kwenye kifundo katika udongo mbichi.

"Ignace," Zénobie alisema, "unaona nini?"

"Namwona ng'ombe wako."

"Mguu wake uko wapi?"

"Kwenye udongo. Zénobie, nirudishe nyumbani."

Siku tatu baadaye bango lilikuwa kila mahali, kuanzia kituo cha basi hadi vyooni. Mshauri alisema hajawahi kuona uhalisia wa kiwango kile.

Tarehe kumi na saba, baada ya misa, Narcisse aliingia jikoni kwa Ignace na hati yenye kurasa sita na kalamu iliyokwisha kufunguliwa kifuniko. Zénobie alikuwa ameshakaa mwisho wa benchi na kikombe cha kahawa. Ignace alivaa miwani, akafungua kitabu, akasoma swali linalosomwa kila mwaka: je, ndani ya miaka mitano, ukwato wa ng'ombe wa mwanachama Pralong Zénobie umegusa udongo wa malisho ya juu, katibu akaona kwa macho yake?

"Hapana," alisema Narcisse kwa sauti ya huzuni aliyokuwa ameifanyia mazoezi.

Ignace alishalowesha kidole ili afungue ukurasa. Kidole kikabaki hewani. Rangi ikamtoka usoni, ikarudi, ikatoka tena. Alimtazama Zénobie, na Zénobie alikuwa anaichunguza kahawa yake kama mtu aliyedondosha kitu ndani.

"Narcisse," Ignace alisema, "mimi nimeona."

Narcisse akasema maneno mengi kwa mpigo. Alisema lile lilikuwa tangazo. Ignace akasema kitabu hakiulizi ng'ombe alikwenda kufanya nini. Narcisse akasema ng'ombe wa kwenye bango ana madoa na wa shangazi hana. Ignace akasema madoa hayo bado yako kwenye mkono wa suti yake ya mazishi, na harufu ya mtindi haijatoka. Narcisse akasema ng'ombe hupanda kwa miguu. Hapo Ignace akarudisha kurasa nyuma sana, akasoma kwamba mwaka 1803 ng'ombe mmoja aliyevunjika mguu alibebwa na wanaume sita mpaka juu, na akahesabiwa.

"Lakini ni Januari, Ignace. Januari."

"Kitabu kinasema miaka. Januari nayo imo."

Akachovya kalamu na kuandika, herufi moja moja, huku ulimi ukichungulia. Kalamu ya Narcisse ilikuwa inavuja wino kwenye hati yake, wala hakuiona.

Zénobie alisema ahsante kwa kahawa, akajifunga kitambaa, akatoka, kwa sababu saa ya kukamua ilikuwa imewadia na ng'ombe hangoji mikutano. Narcisse alimfuata hadi zizini. Safari hii hakuangalia alipokanyaga.

"Shangazi, ulikuwa unajua?"

"Nauli ulilipa wewe."

Alisimama pale akishika mlango. Akasema wakubwa wa kampuni kule Zurich watamfukuza. Akasema pia kwamba haki ni haki, sawa, lakini kizuizi bado kipo, na bwawa huenda likaanza kuvuja tena.

Zénobie alisema hilo halimsumbui hata kidogo. Juni ikifika atakwenda kituoni na Baronne, kengele shingoni, maua pembeni, watapanga foleni na wageni kama watu wengine. Kampuni imeshambeba mara moja na kumkatia tiketi. Itambeba asubuhi na kumrudisha jioni, kiangazi chote. Na akikutana na marmoti mwingine njiani, hayo ni yao wawili.

Narcisse alifikiri. Ilionekana wazi usoni mwake jinsi alivyokuwa akiiona ile foleni, na wale abiria wanane wanaoshushwa ili nafasi ipatikane, na sakafu ya kibanda.

"Kizuizi nitakitoa," alisema.

"Lini?"

"Theluji ikiyeyuka."

"Iliyopo au ile ya kwenye taarifa?"

Alishindwa kuzuia kicheko, na hakikuwa cha ofisini. Zénobie alimsogezea kigoda kwa mguu. Narcisse akavua koti jekundu, akalitundika kwenye msumari, akakaa upande wa kushoto wa ng'ombe.

"Kulia, mtoto wewe. Unataka akuvunje mbavu?"

Akahamia kulia. Akakamata chuchu mbili kama mtu anayekamata nyoka, akavuta, hakikutoka kitu. Zénobie hakumsaidia. Mara ya tatu maziwa yakagonga ndoo. Simu ikaanza kuita ndani ya koti pale ukutani, ikaita, ikanyamaza, ikaita tena, na kwenye kioo chake lilisomeka jina la Zurich.

"Pokea," alisema Zénobie.

"Siwezi, shangazi. Mikono yote miwili iko kazini."

"Basi kaza vidole. Baronne hajamaliza."